Msumari wa baba na vyeti vya stima

Kibao tulikitoa Jumanne asubuhi, kabla lori la kwanza la maua halijaondoka kwenda Nairobi. Kilikuwa kimesimama langoni miezi kumi na minne, kando ya barabara ya Moi South Lake, Naivasha, maandishi yake ya kijani: "Mawaridi haya yamekuzwa kwa nguvu za jua." Juu ya maneno hayo fundi wa rangi alikuwa amechora jua lenye miale mirefu. Maneno niliyatunga mimi. Mimi ndiye ninayeshika daftari la stima hapa shambani, na siku nilipoyatunga niliamini kila neno.

Paneli zilikuwepo, na bado zipo. Zimejaa juu ya paa la ghala la kufungashia maua, kilowati 400, na ukija kutoka Karagita saa nne asubuhi utaziona zinameta. Stima yake inaingia kwenye pampu na vyumba vya baridi kupitia mita ambayo naisoma mwenyewe kila siku. Kwa hiyo mkaguzi aliyetumwa na mnunuzi wetu wa Uholanzi aliponiambia kwamba hatuna haki ya kusema tunatumia nguvu za jua, nilikasirika hadi nikakosa la kusema. Nikampandisha ngazi. Nikamwonyesha paneli, nikamwonyesha nyaya, nikamshusha hadi kwenye mita. Alitazama vyote kwa heshima, kisha akaniuliza: "Vyeti viko wapi?"

Nilidhani anataka leseni ya fundi aliyezifunga. Nikamletea faili nzima. Aliipekua polepole akafika kwenye mkataba wetu na kampuni ya sola, akageuza hadi ukurasa wa 23, akaweka kidole kwenye kifungu kimoja. Kampuni ile ilileta paneli kwa gharama yake, nasi tunailipa kwa kila uniti tunayotumia, kwa miaka 15. Kifungu kilisema sifa zote za kimazingira zitokanazo na umeme huo ni mali ya kampuni. Mkataba ulitiwa saini kabla sijaajiriwa. Nilikuwa nimeusoma, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bei ya uniti.

Baada ya barua pepe tatu kampuni ikatutumia tamko la masjala, yaani daftari kuu linaloandikwa vyeti vya umeme. Vyeti 612 vya mwaka mzima uliotangulia, ambavyo ndivyo hubeba sifa hizo, namba ya kwanza hadi ya mwisho, vilikuwa vimefutwa, yaani vimetumika visiweze kuuzwa tena, kwa niaba ya kampuni nyingine kabisa, yenye ofisi Nairobi. Kampuni hiyo ilivinunua kihalali, ikavitumia kihalali, na kwenye taarifa yake iliandika kwamba inatumia umeme wa jua. Uniti zile zilipita kwenye mita yangu. Jua lilikuwa moja, na waliolitangaza walikuwa wawili. Mmoja wetu alikuwa anasema uongo bila kujua, na alikuwa mimi.

Jioni ile nilimpigia baba. Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi upande wa Trans Nzoia kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo lolote la karatasi nampelekea yeye kwanza. Huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mamake. Nilimweleza kila kitu, nikitaraji kwamba angalau yeye atakuwa upande wangu.

"Mama," akasema, "gunia ni kitu kimoja na stakabadhi ni kitu kingine. Gunia laweza kukaa kwako na stakabadhi ikawa ya mtu."

Kisha akanikumbusha habari ambayo nilipokuwa mtoto sikuielewa. Mkulima wa Kwanza akileta magunia 50 na wa Cherangany akaleta 80, mahindi hupimwa uzito, hupimwa unyevu usizidi asilimia 13.5, halafu hupandishwa kwenye marundo. Kuanzia hapo hakuna awezaye kusema punje hii ni ya nani. Kinachobaki na jina ni stakabadhi. Mezani kwa baba palikuwa na kibao kidogo chenye msumari uliosimama wima, ncha juu. Stakabadhi ikishalipwa aliitoboa pale msumarini, chini hadi kwenye mbao, na ikishatobolewa haina thamani tena mbele ya mtu yeyote. Siku moja, foleni ikiwa ndefu, alilipa stakabadhi akaiweka kando bila kuitoboa. Ikatoweka mezani, ikarudi baada ya siku mbili mkononi mwa mtu mwingine, ikalipwa na karani mwenzake. Fedha zile zilikatwa kwenye mshahara wa baba kwa miezi saba. Mwaka ule tulikunywa chai ya strungi tu, na sisi watoto hatukujua kwa nini.

"Hao watu wa stima," akaniuliza, "msumari wao uko wapi?"

Nimetumia karibu mwaka mzima kulijibu swali hilo, na ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu najua makarani wengine wa mashamba, viwanda vya chai na hoteli huku kwetu wanaulizwa vyeti na wanunuzi wao na hawana wa kuwaeleza.

Nyaya za stima ni ghala kubwa kuliko lile la baba. Ndani yake unaingia mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao moshi wake mweupe nauona kutoka dirisha la ofisi yangu. Yanaingia maji ya Sondu Miriu kule Nyakach, megawati 60, na ya Turkwel kule Pokot Magharibi. Unaingia upepo wa Marsabit, ambako mashine 365 zinaweza kutoa megawati 310. Inaingia pia ya mitambo ya mafuta, na tangu mwishoni mwa 2022 ile inayonunuliwa Ethiopia. Ikishaingia, imechanganyika. Mtu wa Kondele akiwasha taa hawezi kujua ni mvuke au ni dizeli, na KPLC, kampuni inayotuuzia stima, wenyewe hawawezi kumwambia.

Cheti ndicho kinachobaki na jina. Cheti kimoja ni megawati-saa moja, yaani uniti 1,000. Nyumba yangu ya Free Area, Nakuru, hutumia kama uniti 40 za tokeni kwa mwezi, kwa hiyo cheti kimoja kingenitosha miaka miwili na mwezi mmoja. Mfumo unaotumika Kenya, na katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, unaitwa I-REC, na kanuni zake hutunzwa na shirika lisilo la faida lenye makao Uholanzi. Mwenye mtambo huusajili kwanza: uko wapi, ni wa aina gani, ukubwa wake, ulianza kazi tarehe gani, mita yake ni ipi, na nani ana haki juu ya sifa zake. Swali hilo la mwisho ndilo lililotufunga sisi. Kisha kila kipindi hupeleka hesabu ya mita na ushahidi wake kwa mtoaji wa vyeti, ambaye haruhusiwi kuwa mfanyabiashara wa vyeti hivyo. Mtoaji akiridhika, hutoa vyeti vyenye namba zake, na kila kimoja kinabeba jina la mtambo na muda ambao umeme wake ulizalishwa. Vyeti huingia kwenye akaunti ya mwenyewe. Akiuza, vinahama akaunti. Haviwezi kukaa kwenye akaunti mbili.

Na msumari upo. Mtu anapotaka kusema "umeme huu ni wangu", cheti hutolewa kwenye akaunti ya biashara na kupelekwa kwenye akaunti ya kufutia. Kikishaingia humo hakitoki. Masjala hutoa tamko lenye jina la aliyefutiwa, nchi yake, kipindi cha matumizi, mtambo na namba za vyeti, na kona moja ina alama ya kuskani ambayo mkaguzi akiielekezea simu anaona kumbukumbu ile ile kwenye masjala. Nilimsomea baba mambo haya kwa simu, akauliza tu kama jina la mlipwaji huandikwa kabla ya kutoboa au baada. Nikamwambia huandikwa wakati ule ule. Akaridhika.

Lakini kuna mahali mfano wa ghala unaishia, na nilichelewa kupaona. Stakabadhi ya baba ilikupa mahindi, au fedha za mahindi. Cheti changu hakikupi umeme hata wa kuchaji simu. Umeme unaununua kwa KPLC kama kila mtu, na bili unalipa yote. Unachonunua kwenye cheti ni haki ya kusema. Anayeuza cheti ameuza na maneno yake. Anaweza kuamka kila siku chini ya paneli zake mwenyewe na asiwe na ruhusa ya kusema kwamba anatumia jua. Mwanzoni niliona ni dhuluma. Sasa naona haiwezi kuwa vinginevyo, maana tukisema sote wawili, megawati-saa moja itakuwa imehesabiwa mara mbili na hesabu ya dunia nzima itakuwa ya uongo kwa kiasi hicho.

Kwa nini basi mtu alipie maneno? Nchi nyingine, ni kwa sababu sheria inamlazimisha. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1999 kudai megawati 2,000 mpya za kawi jadidifu, yaani isiyokwisha kama ya jua, upepo na maji, na vyeti vikawa njia ya kila muuzaji umeme kuonyesha kwamba amebeba fungu lake. California inataka wauzaji wake wafike asilimia 60 ifikapo 2030. Ushahidi wao unapita kwenye masjala iitwayo WREGIS, iliyoanza kazi mwaka 2007 na inayohudumia upande wote wa magharibi wa Marekani na sehemu za Kanada na Mexico. Cheti lazima kifutwe humo ndani ya miezi 36 tangu umeme uzalishwe, la sivyo hakihesabiki. Na wameona hatari ya kununua karatasi tupu, kwa hiyo vyeti vilivyotenganishwa kabisa na umeme wake haviruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya hesabu ya muuzaji.

Mfumo ninaoupenda zaidi ni wa Australia, kwa sababu msumari wake unauma. Bunge lao liliweka shabaha ya gigawati-saa 33,000 kwa mwaka ifikapo 2020, na wajibu unaendelea hadi 2030. Kila mwaka mamlaka hutangaza asilimia, na kila muuzaji wa umeme anajua ni vyeti vingapi vinamdai. Siku ya mwisho ya kuvisalimisha ni tarehe 14 Februari. Kila cheti kinachopungua kina adhabu ya dola 65 za Australia, na adhabu hiyo haipunguzwi kwenye hesabu za kodi kama gharama nyingine za biashara. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayekubali adhabu ikiwa vyeti vinapatikana kwa bei ya chini yake. Nguvu ya sera imo katika tarehe moja na kiasi kimoja cha fedha, na karani yeyote anaweza kuikagua akiwa mezani kwake. Mtu anayejenga mtambo wa upepo huko anajua kwamba mbali na umeme atauza pia cheti, na kwamba kuna mtu ambaye sheria imemsukuma kukinunua.

Ulaya wana vyeti vyao vya asili ya umeme, vinavyotokana na maagizo ya Umoja wa Ulaya, na kazi yake kubwa ni kumwonyesha mteja umeme anaouziwa umetoka wapi. Vina muda: vinauzika kwa miezi 12 baada ya uzalishaji, na visipofutwa ndani ya miezi 18 vinakufa. Kwao huko nimejifunza jambo lililoninyima usingizi. Norway karibu umeme wake wote ni wa maji. Lakini wazalishaji wake huuza vyeti vingi nje, kwa hiyo Mnorwei asiyenunua cheti, hata kama anaishi chini ya maporomoko, hesabu rasmi humpa mabaki ya soko la Ulaya, yaani umeme ambao hakuna aliyeudai kwa cheti, na sehemu yake kubwa ni makaa ya mawe, gesi na nyuklia. Na mwaka 2023 AIB, chama kinachounganisha masjala za Ulaya, kilisimamisha kwa muda vyeti vya Iceland visitoke nje, kwa hofu kwamba umeme ambao vyeti vyake vimeuzwa ng'ambo ulikuwa unatangazwa pia na watumiaji wakubwa wa humo humo. Nilipoisoma habari hiyo nilikikumbuka kibao chetu. Nchi nzima inaweza kuingia kwenye kosa nililoingia mimi.

Sasa tuje kwetu. Kenya hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji umeme afute vyeti. Serikali ilichagua njia nyingine: bei maalumu za kununua umeme jadidifu tangu 2008, Sheria ya Kawi ya 2019, na kanuni za 2024 zinazomruhusu mwenye paneli kurudisha ziada yake kwa KPLC na kuhesabiwa. Njia hizo zimezaa matunda, kwani karibu asilimia 90 ya umeme wetu ni jadidifu na mvuke wa Olkaria, ulioanza na mtambo mdogo mwaka 1981, ndio wenye fungu kubwa kuliko vyote. Kwa hiyo bosi wangu aliuliza swali la haki kabisa: "Madam, kama stima ya KPLC yenyewe ni safi hivyo, tunanunua cheti cha nini?"

Jibu liko kwenye mwongozo wa kimataifa wa hesabu za gesi joto uliotolewa mwaka 2015, ambao wanunuzi wetu wote wanaufuata. Unataka takwimu mbili. Ya kwanza ni ya mahali: unachukua uniti ulizotumia na wastani wa gridi ya nchi yako. Hapo shamba la Naivasha linashinda shamba la nchi inayochoma makaa bila kununua chochote, na ni halali yetu kujivunia hilo. Ya pili ni ya soko: umenunua nini kwa mkataba, na ushahidi uko wapi? Kwenye takwimu ya pili, "gridi yetu ni safi" haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu usafi huo unaweza kuwa umeshauzwa kwa jina la mwingine. Kampuni zilizojiunga na RE100, umoja ulioanzishwa 2014 wa kampuni zinazoahidi kutumia umeme jadidifu mtupu, zinatakiwa pia vyeti vitoke kwenye soko lile lile umeme unakotumika. Cheti cha Norway hakiwezi kufunika stima ya Naivasha. Lazima kiwe cha Kenya.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Wafanyakazi wenzangu wanaishi Karagita, mahali ambapo usiku unaona taa za visima vya mvuke mlimani. Stima ikipotea, wanawasha mshumaa wakitazama taa hizo. Sitaki siku moja kiwanda cha chai cha Nandi au hoteli ya Kisumu iambiwe kwamba usafi wa mvuke wetu, wa maji yetu, umekwisha kununuliwa wote na watu wa mbali, na kwamba wao wanaoishi kando yake wamebaki na mabaki. Sisemi visiuzwe. Fedha za vyeti zinaweza kumsaidia mwenye mtambo mdogo wa mto kulipa deni lake la benki. Ninachotaka ni kwamba mamlaka yetu ya kawi iwe na masjala inayosomeka na raia wa kawaida, ioneshe mtambo gani umeuza kiasi gani, kwa nani, na kimebaki kiasi gani. Kwa mikopo ya kaboni tumeanza kuelewa hivyo: sheria ya tabianchi ilirekebishwa 2023, kanuni zikafuata 2024, na masjala ya taifa imo ndani yake. Vyeti vya umeme havipaswi kubaki nyuma. Tena mambo haya mawili watu huyachanganya. Mkopo wa kaboni unahesabu tani za gesi zilizozuiliwa, cheti kinahesabu megawati-saa zilizozalishwa, na megawati-saa moja haifai kuuzwa kwa njia zote mbili.

Kitu kimoja bado kinanisumbua, na mkaguzi mwenyewe alikubali kwamba ni swali zuri. Vyumba vyetu vya baridi vinanguruma usiku kucha, wakati viboko wametoka ziwani kula nyasi kando ya ua. Cheti cha jua cha saa saba mchana kinaruhusiwa kufunika uniti niliyotumia saa nane usiku, kwa sababu hesabu hufungwa kwa mwaka. Kwenye ghala la baba hilo halina shida, mahindi ya Novemba yanaliwa Mei. Stima haikai hivyo. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ifikapo 2030 inataka kila saa ya matumizi yake ikutane na umeme safi wa saa ile ile, na wapo wanaodai vyeti viandikwe saa. Siku hiyo ikifika, mvuke utapata heshima yake, maana Olkaria haijui usiku wala mchana.

Tulichofanya sisi ni hiki. Mwaka jana shamba lilitumia megawati-saa 1,840: 612 za sola ambayo maneno yake si yetu, na 1,228 za KPLC. Jenereta ya dizeli iko kwenye ukurasa wake peke yake, na hakuna cheti cha umeme kinachoweza kuisafisha, jambo ambalo nililazimika kulirudia kwenye mikutano miwili. Ili tuseme "asilimia mia" tungehitaji vyeti 1,840, pamoja na vya kufunika stima inayotoka kwenye paa letu wenyewe. Bajeti ilitosha 900. Tulivinunua vya mtambo mdogo wa maji wa humu nchini, na nikakaa kando ya kompyuta hadi tamko likatoka likiwa na jina la shamba letu, Kenya, mwaka husika, namba kutoka mwanzo hadi mwisho. Nililichapisha nikalisoma mara nne. Tisa mia kwa 1,840 ni asilimia 48.9. Mnunuzi wa Uholanzi aliikubali takwimu hiyo bila swali hata moja, wakati yale maneno yangu ya zamani ya jua yalikuwa yametugharimu barua za miezi mitatu.

Bosi alitaka tuandike "nusu". Nilikataa, na namshukuru kwa kunisikiliza.

Wiki iliyopita fundi wa rangi alirudi. Kibao ni kile kile, kimepigwa msasa na kupakwa cheupe. Maneno mapya ni marefu kidogo na herufi zake ni ndogo: "Mwaka jana asilimia 48.9 ya stima ya shamba hili ilithibitishwa kuwa ya maji, kwa vyeti 900 vilivyofutwa kwa jina letu." Chini yake kuna namba ya tamko, ili anayetaka aulize ofisini aonyeshwe. Nilimsimamia hadi akamaliza herufi ya mwisho. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama nafasi nyeupe iliyobaki juu.

"Na lile jua, dada, nilirudishe?"

Nikamwambia aiache nafasi hiyo wazi kwanza. Kampuni ya sola imekubali tukae mezani Septemba tuzungumze kuhusu ukurasa wa 23.